Ferrari ya 2007 iliyolala miaka mitatu: kinachokuvuta, na cha kukagua kabla hujalipa

"Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikiota Ferrari. Sasa nina miaka 46, watoto wamemaliza shule na akiba ninayo. Nimepata F430 ya mwaka 2007 yenye gia za F1, zile za kubadilishia nyuma ya usukani. Imetembea kilomita 14,000 tu. Mwenyewe anasema imekaa ndani miaka mitatu bila kuendeshwa na haijawahi kunyeshewa. Kaka yangu ananicheka: anasema siku hizi gari la umeme la kubebea familia linaiacha kwenye taa, na kwamba kila baada ya miaka michache injini ya Ferrari hushushwa nzima ili kubadilisha mkanda wa taimingi. Rafiki yangu yeye anasema kilomita chache hivyo ni bahati ya mtende, nisilaze damu. Naomba unieleze: kinachonivuta kwenye gari hili ni kitu cha kweli au ni utoto tu? Na je, ninunue?"

Ndugu yangu, maswali yako ni mawili lakini yameshikana. Ukishaelewa kinachokuvuta, utajua pia kwa nini gari lililolala miaka mitatu linatakiwa kukutia wasiwasi badala ya kukupa haraka. Kwa hiyo nianze na la kwanza, na nisilipite juu juu, maana watu wengi hununua magari haya bila kujua walichokuwa wanakitafuta, kisha huyauza ndani ya mwaka mmoja wakiwa na uchungu.

Kaka yako ana haki kwenye jambo moja. F430 hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa takriban sekunde 4.0, na leo yapo magari ya umeme yenye milango minne na viti vya watoto yanayofanya hivyo kwa muda mfupi zaidi. Kama hamu yako ni kuwahi kutoka kwenye taa, usinunue Ferrari ya 2007. Utapoteza fedha na bado utaachwa. Lakini kasi ni kitu kimoja, na kile mwili unachokisikia wakati wa kwenda kasi ni kitu kingine. Magari haya yaliundwa kwa ajili ya hicho cha pili, na kinaelezeka kwa vyuma na hesabu, si kwa ndoto za utotoni peke yake.

Chukua sauti. Injini ya F430 ni V8, yaani silinda nane zilizopangwa safu mbili kama herufi V, ya lita 4.3 inayotoa nguvu za farasi 490 ikiwa kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika. Kwenye injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili, kwa hiyo silinda 8 hutoa miwako 4 kwa kila mzunguko. Mizunguko 8,500 kwa dakika ni kama 142 kwa sekunde. Zidisha kwa 4 na unapata miwako 567 kila sekunde. Gari la kawaida la silinda 4 likiwa kwenye mizunguko 3,000 hutoa miwako 100 kwa sekunde. Mia moja ni mvumo wa besi, unausikia hadi kifuani. Mia tano sitini na saba imeshapita ile noti ya 440 ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha vyombo vyao. Iko kwenye eneo la sauti ya binadamu anayeimba juu. Sikio lako linaitambua kama wimbo kwa sababu, kwa vipimo, ni noti ya wimbo.

Kuna na jambo la pili ndani ya hiyo sauti. V8 nyingi za magari makubwa ya Marekani zina krankshafti ambayo shingo zake, pale mikono ya pistoni inaposhika, zimetofautiana kwa nyuzi 90. Miwako hutoka kwa nafasi sawa kwa injini nzima, lakini ukisikiliza upande mmoja tu wa silinda nne, inakuja bila mpangilio: miwili inafuatana upesi, kisha pengo. Hapo ndipo ule mngurumo wa kudundadunda unapozaliwa. Ferrari hutumia krankshafti ya bapa moja, shingo zikiwa zimetofautiana kwa nyuzi 180. Miwako hupokezana kushoto na kulia kwa zamu, kila bomba la ekzosi linapata mapigo yenye nafasi sawa, na sauti inapanda ikiwa moja, safi, bila kukatika. Krankshafti hiyo haihitaji uzani mzito wa kuisawazisha, kwa hiyo ni nyepesi na injini hupanda na kushuka mizunguko upesi sana. Bei yake ni mtetemo, na utausikia kwenye kiti. Wapo wanaoudhani ni ubovu.

Halafu injini hii haina tabo (turbo). Ukikanyaga eksileta, hewa inaingia moja kwa moja. Hakuna feni inayosubiri kusukumwa na moshi kwanza. Milimita chache za mguu wako zinaleta mabadiliko pale pale, na ukirudisha mguu mabadiliko yanaondoka pale pale. Mtu akikwambia gari "linaongea naye", mara nyingi ni hilo analolisema hata kama hajui kulitaja.

Mahali injini ilipokaa nako kuna jambo. Iko nyuma ya viti lakini mbele ya ekseli ya nyuma, na uzito umegawanyika asilimia 43 mbele na 57 nyuma. Ukitaka kulielewa bila kuendesha, shika ndoo mbili za maji ukiwa umenyoosha mikono, jigeuze haraka, kisha zikumbatie kifuani na ujigeuze tena. Uzito ni ule ule, lakini mara ya pili unageuka kwa urahisi na kusimama kwa urahisi. Gari lenye injini katikati ni wewe ukiwa umekumbatia ndoo. Magari ya mashindano yaligundua hili kwanza, na Lamborghini Miura ya mwaka 1966, iliyokuwa na V12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti, ndiyo iliyofanya umbo hili liwe alama ya gari la ndoto barabarani. Ule uso mfupi na mgongo mrefu unaoupenda umetokana na mahali injini ilipokaa. Hata yale matundu mawili makubwa mbele ya F430 yana kazi, yanapeleka hewa kwenye radieta, na umbo lake linakumbusha Ferrari 156 ambayo Phil Hill alishindia ubingwa wa dunia mwaka 1961.

Ongeza usukani unaosaidiwa na pampu ya haidroliki, unaoleta mkononi ukwaruzo wa lami, na kiti kilicho chini sana hadi kilomita 80 kwa saa zinahisiwa kama nyingi zaidi. Hivyo ndivyo vinavyokuvuta. Ni vya kweli, na si jambo la kuonea haya ukiwa na miaka 46.

Lakini tazama vinapatikana lini. Vyote hivyo vipo wakati oili ina joto, matairi yana joto, na wewe uko nyuma ya usukani. Gari likiwa limefunikwa ndani, hakuna hata kimoja. Kuna kuzeeka tu. Hapo ndipo tunapofika kwa rafiki yako na bahati yake ya mtende.

Kwanza nimalizane na suala la mkanda wa taimingi, ule unaozungusha shafti za vali zikiendana na krankshafti, maana hofu hii imewakosesha watu wengi magari mazuri. Ilikuwa kweli kwa F355, iliyotengenezwa kati ya 1994 na 1999: injini ilishushwa ili kubadilisha mkanda wa taimingi. Kwenye Ferrari 360 iliyofuata, mkanda bado upo lakini unafikiwa kupitia kifuniko nyuma ya viti. F430 ina injini ya ukoo mpya kabisa, yenye cheni ya taimingi. Haina mkanda wa kubadilisha. Kaka yako amechukua ugonjwa wa babu akampachika mjukuu.

Sasa kilomita 14,000. Kwa gari la 2007 hiyo ni chini ya kilomita 1,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ya mwisho ni sifuri. Hebu tuangalie kinachotokea ndani ya gari kama hilo wakati halifanyi kitu. Oili huteremka kutoka kwenye kuta za silinda na shafti za vali, na chuma kinabaki wazi kwa unyevu wa hewa. Sili za mpira, ambazo hubaki laini kwa kulowana oili, hukauka na kusinyaa. Gari likianza kutembea tena ndipo zinapovuja, na baadhi ziko mahali ambapo sili yenyewe ni ndogo lakini kazi ya kuifikia ni ya siku mbili. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hunyonya maji, kisha huacha gundi kwenye nozeli. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Kwenye gari linalopunguza kasi kutoka 200, nyuzi 155 si mbali. Mafuta yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni bila kushika. Ndiyo maana yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili, gari limetembea au halijatembea.

Ratiba ya sevisi ya gari la namna hii inafuata kalenda, haisubiri kilomita. Kwa hiyo kitabu chenye mihuri ya kila mwaka kwenye gari lenye kilomita 45,000 kina thamani kubwa kwangu kuliko dashibodi inayosoma 14,000 na kitabu chenye kurasa tupu. Nikipewa kuchagua kati ya hayo mawili, nachukua la 45,000 bila kusita.

Na usiichukulie dashibodi yenyewe kuwa ushahidi. Kilomita chache hupandisha bei, na kinachopandisha bei huwa kinachezewa. Tazama mpira wa pedali, bega la kushoto na kulia la kiti cha dereva pale mtu anapoteleza kuingia, na ngozi ya usukani upande wa juu. Kisha panga risiti zote kwa tarehe: kilomita zipande bila kuruka na bila kurudi nyuma.

Kitakachokula fedha zako zaidi kwenye gari hili ni klachi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Watu wengi hudhani gia za F1 ni otomatiki. Si hivyo. Ndani kuna giaboksi ya kawaida na klachi kavu kama ya gari la gia za mkono. Kilichobadilika ni kwamba mguu wako umeondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na pampu ya haidroliki, tangi dogo la kuhifadhi shinikizo, na kompyuta. Ukitembea polepole kwenye foleni huku umegusa eksileta kidogo, kompyuta inaachia klachi nusu nusu ili gari lisizime. Huko kuteleza ndiko kunakoiunguza. Kupanda kilima kwa rivasi ndiyo adhabu kubwa kuliko zote, kwa sababu uzito wote wa gari unabebwa na klachi inayoteleza kwa sekunde nyingi mfululizo. Ndiyo maana klachi ya aina ile ile inaweza kufa kabla ya kilomita 15,000 mikononi mwa mtu mmoja, na kupita 40,000 mikononi mwa mwingine. Na gari lenye kilomita chache mara nyingi ndilo lililoendeshwa vibaya zaidi kwa upande huu: kutoka gereji, kuzunguka mjini, kuegeshwa kwa rivasi, kurudi.

Kompyuta ya giaboksi huhifadhi kiwango cha kuchakaa kwa asilimia, na fundi mwenye mashine sahihi ya kusoma anakipata kwa dakika chache. Omba namba hiyo, lakini uliza pia kama klachi iliwahi kubadilishwa na kama kipimo kilianzishwa upya siku hiyo. Kisipoanzishwa upya, asilimia unayosoma haina maana yoyote. Fundi aangalie pia mahali klachi inapoanza kushika kama pamewekwa sawa. Pakiwa pamekaa vibaya, gari litashtuka kila linapoondoka na klachi mpya itakwisha kabla ya wakati.

Pampu unaweza kuichunguza mwenyewe. Ukifungua mlango wa dereva utasikia mvumo nyuma yako kwa sekunde chache, kisha ukimya. Hiyo ni pampu ikijaza shinikizo. Mvumo ukiendelea bila kukoma, au injini ikiwa inaunguruma na pampu inaamka kila baada ya muda mfupi bila wewe kubadilisha gia, tangi la shinikizo limechoka au kuna uvujaji. Wakati mwingine tatizo ni rilei tu (swichi ndogo ya umeme) iliyonata ikaiacha pampu ikizunguka hadi kuungua, na rilei ni kitu kidogo sana kubadilisha kabla ya wakati wake.

Ugonjwa wa pili wa F430 ni manifoldi za ekzosi, mabomba yanayokusanya moshi unaotoka kwenye silinda. Hupasuka kwa joto. Dalili yake ni mlio wa tik-tik-tik injini inapowashwa ikiwa baridi, unaopungua au kupotea chuma kinapopanuka na kuziba ufa. Mwuzaji anayelijua hilo atakuwa ameshawasha gari kabla hujafika. Kwa hiyo fika mapema kuliko mlivyopatana, au sema wazi tangu mwanzo kwamba unataka kulikuta baridi, na jambo la kwanza utakalofanya ni kuweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa na joto, rudi siku nyingine. Ufa hauishii kwenye kelele: hewa inayoingia hapo huidanganya sensa ya oksijeni na kuharibu mchanganyiko wa petroli, na katalisti (kisafisha moshi) ikianza kuvunjika kwa joto, hutaki vipande vyake karibu na vali.

Gari hili lakini limelala miaka mitatu, kwa hiyo kuwashwa kwake kwa mara ya kwanza ni shughuli ya fundi. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabisa hadi mmalize haya: betri mpya au iliyochajiwa polepole, petroli ya zamani kutolewa, oili na filta kubadilishwa, kuchungulia kama panya hawajatafuna nyaya au kujenga kiota kwenye kichujio cha hewa. Baada ya hapo petroli na plagi hukatwa umeme, injini inazungushwa na stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya shinikizo la oili ipande. Hapo ndipo iwashwe. Na oili yenyewe ipimwe kwa njia yake: injini ya F430 huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, na kipimo husomwa injini ikiwa imepata joto na inaunguruma taratibu bila kukanyagwa eksileta. Anayepima ikiwa imezimwa na baridi huona kidogo, anaongeza, kisha oili iliyozidi inavutwa kwenye njia ya hewa na moshi wa bluu unamtia hofu.

Matairi ni ya kuamua haraka. Kwenye ubavu wa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 0916 ni wiki ya 9 ya mwaka 2016. Mpira ukipita miaka sita uutazame kwa shaka hata kama una maua yote, kwa sababu umekuwa mgumu na haushiki. F430 hutumia 225/35 mbele na 285/35 nyuma, zote za rimu ya inchi 19. Yakiwa ya zamani, usijadiliane; hesabu manne mapya ndani ya bei.

Breki zipo za aina mbili, diski za chuma na za kaboni na seramiki. Kama ni za seramiki, unene hausemi mengi. Diski hizi hupimwa uzito, na kiwango cha chini kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Angalia kingo zake pia, maana fundi asiye mwangalifu akitoa rimu bila pini ya kuielekeza, rimu huangukia ukingo na kuumega. Ukingo uliomegeka unaweza kuitoa diski nzima kazini.

Mengine nitayapita haraka. Vitufe vya ndani vinavyonata kama gundi si ajali. Ni rangi laini ya plastiki za wakati ule inayoyeyuka kwa joto na unyevu, na hurekebishika. Sauti ya kukwaruza kwenye matuta mara nyingi ni boljointi, kiungo cha mviringo kwenye mikono ya magurudumu. Kifuniko cha chini cha mbele kikiwa na mikwaruzo ni kawaida, kwani gari liko chini. Kikiwa kimevunjika au kimeshonwa, nyanyua gari utazame nyuma yake.

Bodi na fremu ya gari hili ni alumini, kwa hiyo fundi aje na kipima rangi kinachosoma alumini, si chuma peke yake. Rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 160 hivi. Paneli moja ikisoma 300 na jirani yake 120, ilipakwa upya, na swali ni kwa nini. Bampa iliyopakwa kwa sababu ya vijiwe vya barabarani hainisumbui. Fremu iliyopinda na kunyooshwa mahali pasipo na kitanda maalumu cha kuilinganisha inanisumbua sana, na hapo ningeondoka.

Kabla hujaamua, pima pia njia nyingine kwa haki. F430 yenye gia za mkono inakuondolea pampu na kompyuta ya klachi, lakini imekuwa adimu na wenye nazo wanalijua hilo. Tena, mtu akikosea akaingiza gia ya 2 badala ya ya 4, injini inazungushwa kupita uwezo wake, kosa ambalo kompyuta ya F1 hukataa kulifanya. Ferrari 458, iliyotoka 2009, ina klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili, na foleni haiziui kwa namna ile. Giaboksi yake ni bora kwa kila kipimo, ila hitilafu ya sensa ndogo iliyo ndani yake inaweza kulazimu giaboksi kushushwa. Lamborghini Gallardo yenye gia za E-gear ina hadithi ile ile ya klachi, na kwa kuwa matairi yote manne yanavuta na hayatelezi kirahisi, klachi ndiyo inayoteleza.

Kama unataka kuendesha kila siku, fikiria Porsche 911 ya kizazi cha 997. Zile za mwanzo za kawaida zina beringi ya shafti ya kati ambayo ikifa huondoka na injini; kuanzia zile za modeli ya 2009 injini ni mpya na shafti hiyo haimo. Usukani wake ni wa haidroliki bado, una viti vidogo nyuma, na utaona barabara vizuri pande zote. Haitakupa ule wimbo wa 567. Kwa wengine hilo halina uzito, kwa wewe uliyeandika barua hii nadhani lina uzito mkubwa. Kwa hiyo panda yote mawili, nusu saa kila moja, kabla hujalipa chochote.

Kuna sehemu ambayo barua haiwezi kuifanya. Usinunue bila ukaguzi wa fundi aliyezoea Ferrari za kizazi hiki, unayemlipa wewe, na asiyekuwa fundi wa mwuzaji. Mbali na klachi, manifoldi na rangi, mwambie afanye kipimo cha uvujaji wa silinda. Pistoni huletwa juu, vali zote zikiwa zimefungwa, kisha silinda inajazwa hewa yenye shinikizo na geji inaonyesha asilimia inayotoroka. Chini ya 10, na zote nane zikikaribiana, ni injini nzima. Ikizidi, masikio yanaeleza palipo na tatizo: hewa ikisikika kwenye ekzosi ni vali ya kutolea, kwenye mdomo wa hewa ni vali ya kuingizia, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi za pistoni, na mapovu kwenye maji ya radieta ni gasketi ya kichwa. Kwa injini iliyolala miaka mitatu sikubali kuliruka hili.

Na wewe mwenyewe, tafuta mwalimu wa udereva wa magari ya kasi, kwenye uwanja uliofungwa, siku moja tu. Kuna kosa moja ambalo kila mtu aliyezoea gari la injini mbele hulifanya: anaingia kona kwa kasi, anaogopa, anaachia eksileta ghafla. Uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na ule wepesi wa kugeuka niliousifu unageuka dhidi yako, gari linazunguka. Unahitaji kulihisi mara moja mahali penye nafasi, ili mguu ujifunze kupunguza taratibu. Epuka pia kukanyaga sana dakika za mwanzo. Maji ya injini hupata joto upesi, oili huchelewa. Subiri geji ya oili ifike karibu nyuzi 80 kabla ya kuvuka mizunguko 4,000.

Jibu langu basi: usilinunue gari hilo kwa bei ya kilomita 14,000. Lihesabu kama gari linalohitaji matairi, mafuta na vimiminika vyote, betri, pengine klachi na pengine manifoldi, weka makadirio ya fundi mezani, kisha toa bei yako. Likipita kipimo cha silinda na fremu ikawa nzima, linaweza kuwa gari zuri sana. Ukilichukua, liunganishe na chaja ndogo ya kutunza betri kila linapoegeshwa, na uliendeshe dakika 40 kila baada ya wiki moja au mbili. Kuliwasha dakika tano na kulizima ni vibaya kuliko kuliacha, kwa sababu mvuke na petroli huishia kwenye oili bila joto la kuvikausha.

Kabla hujafunga safari, mpigie mwenye gari umwulize mambo matatu: klachi inasoma asilimia ngapi na imesomwa lini, tarakimu nne za kila tairi, na kama anakubali fundi wako alikute baridi. Akikataa hilo la tatu, tafuta gari jingine.